Bi Pimbi na Godoro la Bei ya Kutupa

— Paukwa!
— Pakawa!
— Mko macho?
— Macho kama bundi!
— Mlango mmeutia komeo?
— Tumeutia!
— Basi sogeeni, sogeeni tena, maana hii si hadithi ya kusikiliza peke yako.

Hapo kale Bi Pimbi alikaa kwenye miamba, chini ya kilima chenye Chuo cha Wanyama. Alikuwa mdogo, mnene, mkia hana, na alikuwa na mwana mmoja tu. Kipupwe kilipoingia, mwamba ukawa baridi kama maji ya mtungi, na mtoto akaanza kukohoa. Usiku koho! koho! Mchana koho! koho! Bi Pimbi akamfunika kwa majani, majani yakapeperuka. Akamkumbatia, naye mwenyewe akawa anatetemeka.

Asubuhi moja jirani yake, Bi Kwale, akapita na kikapu chake cha ukili chenye mshipi mwekundu.

"Shoga, hujasikia? Wanafunzi wanafunga chuo! Wanarudi kwao likizo ndefu, na mizigo hawaiwezi. Sufuria, ndoo, magodoro, vyote wanauza bei ya kutupa. Ukienda na karanga kidogo tu unarudi na godoro."

"Godoro?"

"Zima! Mimi nafuata sufuria. Jua halijafika utosini nitakuwa nimerudi, tupikie humo humo."

Akaenda zake mbio mbio. Jua likafika utosini, Bi Kwale hakurudi. Jua likapinda, Bi Kwale hakurudi. Bi Pimbi akakaanga karanga, akazifunga kwenye kitambaa, akamwambia mwanawe, "Kaa humu ndani ya ufa, usitoke. Mama anakuletea godoro." Akapanda kilima, moyo mzito.

Getini hakukuta mtu. Akatazama bweni la Swala, tupu. Akatazama bweni la Ngedere, tupu. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Upepo ulisukuma mlango mmoja, kwii, kwii, na juu ya mti hapakulia hata ndege. Nimechelewa, Bi Pimbi akasema moyoni. Akageuka arudi.

Ndipo aliposikia sauti nyembamba, tamu, ikitoka bweni la mwisho.

"Godoro hilo! Godoro la mwisho, bei ya kutupa!"

Manyoya ya shingo yakamsimama. Miguu ikamwambia, rudi. Lakini masikioni mwake bado alikuwa na ile koho! koho! Akaingia.

Ndani mlikuwa na kiza. Mali ilikuwa imerundikwa mpaka karibu na dari: ndoo juu ya ndoo, sufuria, chandarua cheupe, tranka la bati, na godoro nene kama mkate wa sinia. Muuzaji haonekani.

"Hodi, mwanafunzi."

"Karibu, mama. Sogea ndani."

"Uko wapi, mwanangu?"

"Nipo hapa hapa. Sogea ndani."

Bi Pimbi akasogea. Kando ya tranka akaona kitu: kikapu cha ukili chenye mshipi mwekundu. Na juu yake, unyoya mmoja.

Nyuma yake mlango ukalia kwiiii... pa! Komeo likalia kacha!

Akageuka. Mlangoni alikuwa amesimama Chui.

Bi Pimbi akamtazama toka kichwani mpaka miguuni. "We... wewe ndiye mwanafunzi?"

"Mwanafunzi kabisa," Chui akajibu, sasa kwa sauti yake mwenyewe, nzito kama jiwe la kusagia. "Nasomea nyama."

Mara ndani ya tranka pakagongwa. Ko! ko! ko! Kisha ikasikika sauti dhaifu: "Kwe..."

"Usimjali huyo," Chui akasema. "Huyo wa kesho. Wewe wa leo. Karanga weka hapo chini, nazo nitakula. Mimi situpi kitu."

Bi Pimbi akatetemeka mpaka karanga zikalia kitambaani, cheke, cheke, cheke. Akawaza: nikikimbia, ananidaka. Nikipiga kelele, ananimeza na kelele zangu. Na mwanangu atakohoa mpaka nani amsikie? Akainua uso, akayatazama yale macho ya manjano. Yalikuwa hayatulii. Yalitoka kwake yakaenda kwenye karanga, yakatoka kwenye karanga yakaenda kwenye tranka, yakarudi kwake. Yalikuwa macho ya asiyeshiba. Bi Pimbi akapumua kidogo, kama mtu aliyegusa ukingo wa kisima gizani.

"Nile, Bwana Chui," akasema. "Ila utajuta."

"Nijutie nini?"

"Mimi ni tonge moja. Ukoo wangu mzima uko miambani, unangoja niseme kama mali ni nzuri. Shangazi zangu! Hao wamenona, hata kutembea wanahema."

Chui akameza mate, gulu! "Waite."

"Nitawaita. Lakini sisi pimbi ni watu wa kuchagua. Wataniuliza, ndoo zinavuja? Nitasema hazivuji. Wataniuliza, sufuria zina tundu? Nitasema hazina. Wataniuliza, chandarua kinamtosha mtu mzima? Hapo nitasemaje, bwana? Nikilala ndani mimi, watasema hicho ni cha mtoto mchanga. Watakwenda zao."

"Sasa?"

"Alale mkubwa. Wewe lala ndani ya chandarua, utulie tuli. Wakija kuchungulia, kazi yako ni kufunua mdomo. Utakula umelala, kama sultani."

Chui akacheka mpaka ndoo zikatikisika. Akatundika chandarua darini, akalitandika godoro, akajitupa juu yake, pu! Bi Pimbi akajifunga karanga zake kiunoni, akaanza kuzunguka. Akachomekea upande wa kichwa. Akachomekea upande wa miguu. Akafika ubavuni, akaukuta mkia umebaki nje. Ilimbidi aunyanyue kwa mikono yake miwili, na mkia ulikuwa wa moto, unajipinda pinda kama nyoka. Akautia ndani. Kisha akashika pindo la huku na pindo la kule, akapiga fundo.

"Mbona unafunga?"

"Nachomekea, bwana. Mbu wa huku wakali."

"Haya, waite!"

Bi Pimbi akaenda kinyumenyume mpaka kwenye tranka. Kitasa kilikuwa kimeshika kutu. Akavuta, hakifunguki. Akavuta, hakifunguki.

"Mbona sikusikii ukiita?"

"Koo limenikauka kwa hofu, bwana."

"Hofu ya nini, na mimi nimelala?"

"Ya kuwauza ndugu zangu."

Chui akafurahi sana kusikia hivyo. Bi Pimbi akakiuma kitasa kwa meno yake mawili ya mbele, akauma mpaka akaonja damu. Kacha! Kifuniko kikafunguka, na Bi Kwale, masikini, akashindwa kujizuia.

"Kwe-kwe-kwe-kwe-kwe!"

Chui akaruka. Chandarua nacho kikaruka. Kamba ya darini ikakatika, kikamwangukia, na kila alipokipiga, kucha zikazidi kunasa. Akasimama kwa miguu miwili, mweupe, mrefu, bila uso. Chui mwenye uso anatisha. Huyu asiye na uso alitisha mara mbili. "Nakuona!" akanguruma, na hakuona kitu. Akapiga huku, ndoo zikaruka. Akapiga kule, sufuria zikalia kwangala! kwangala!

Bi Pimbi akaufikia mlango. Komeo lilikuwa juu. Akaruka, hakulifikia. Akaruka tena, hakulifikia. Pumzi ya Chui ilikuwa mgongoni mwake.

"Shoga, wewe una mabawa!"

Bi Kwale akapaa, akaligonga komeo kwa kifua, tu! Mlango ukafunguka, wakatoka. Kile kitu cheupe kikawafuata mpaka ngazini, na hapo miguu iliyofungwa ikakosa ngazi. Pu! Pu! Pu! Chui akaviringika mteremko mzima, akaishia katikati ya miiba, akinguruma.

Bi Pimbi na Bi Kwale wakakimbia bila kutazama nyuma. Walipofika nusu ya kilima, Bi Pimbi akasimama.

"Godoro," akasema.

"Una wazimu?"

Wakasikiliza. Upande mmoja, kule miibani, Chui alikuwa akirarua na kunguruma. Upande wa chini, miambani, ikaja sauti ndogo: koho! koho!

Bi Pimbi akapanda tena. Bi Kwale akamfuata, akilia na kulaani. Wakaingia bwenini. Mmoja akavuta godoro, mwingine akavuta sufuria, na kila muungurumo ulipokuja walisimama, na ulipopita walivuta. Wakashuka kwa njia ya nyuma.

Chui alijichomoa machweo, nusu ya manyoya yake yamebaki mwibani. Akahama kilima kile kwa aibu, na huko alikohamia hakuuza kitu tena.

Usiku ule mtoto alilala fofofo, hakukohoa hata mara moja. Bi Pimbi alilala kando yake, macho wazi mpaka alfajiri. Godoro lilikuwa laini, lina joto. Lakini lilinuka Chui.

Na funzo lake, watoto, ni hili: cha rahisi kina hatari. Nendeni dukani, lipeni bei kamili, mrudi salama.

— Bi Pimbi alilipa nini?
— Hakulipa kitu. Hata karanga zake alirudi nazo.
— Na Bi Kwale?
— Naye sufuria aliipata bure.
— Sasa funzo liko wapi?
— Si nimeshawaambia? Nendeni dukani! Chuo kikifungwa, kilimani nitapanda mimi peke yangu, niwaangalizie kama hatari bado ipo.

Hadithi imekwisha. Kama ni tamu, ibebeni. Kama ni chungu, ibebeni hivyo hivyo: kilichokwisha tumika hakirudishwi.