Chuo cha Siku Tatu cha Fisi Kingugwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati kila mnyama alikuwa na mlango wake wa kubishwa hodi, palikuwa na kijiji kiitwacho Majanimapana. Kijijini hapo aliishi Sange.

Lisikieni vizuri jina hilo: Sange. Si panya. Pua yake ni ndefu na inachezacheza kama mkonga mdogo, na miguu yake ni ya kuruka. Akiitwa panya alikasirika, na alikuwa na haki.

Sange alikuwa mwanafunzi wa Bibi Kobe, mganga wa kijiji. Masomo yalikuwa ya miaka saba, naye alikuwa katika mwaka wa nne. Mwaka wa kwanza alijifunza kunawa mikono na kunyamaza. Mwaka wa pili alijifunza mifupa. Mwaka wa tatu, damu. Wanyama wakubwa walimcheka sana.

"We Sange!" Nyati alikuwa akimwambia. "Miaka minne, na hujui hata kutoa mwiba?"

"Kutoa najua, mjomba. Sasa najifunza wakati wa kutoutoa."

"Ha! Ha! Ha! Mwiba una wakati!"

Basi siku moja, asubuhi na mapema, filimbi ikalia. Pyiiii! Pyiiii!

Watu wote nje! Na nani yule anakuja? Fisi! Jina lake Kingugwa, yaani fisi yule mwenye madoa. Fisi mwenye milia ni mwingine, na katika hadithi hii hana kosa. Kingugwa alivaa kanzu nyeupe, mkoba begani, filimbi mdomoni.

"Enyi wa Majanimapana!" akapaza sauti. "Mimi ni Dresa Mkuu Kingugwa, mfunga vidonda wa nchi saba! Nafundisha tiba ya dharura! Aliyeanguka! Aliyekatika! Aliyesongwa! Aliyezama! Siku tatu tu, umehitimu!"

"Siku tatu?" akauliza Kiboko, macho yamemtoka.

"Siku tatu! Bure! Hakuna mtihani! Na cheti mkononi!"

Lo! Nyati akaruka juu. Kiboko akapiga maji, chubwi! Kila mmoja alitaka kuwa dresa.

Sange akapenya katikati ya miguu yao mpaka mbele. Akaamkia kwa adabu.

"Shikamoo, Dresa Mkuu."

"Marahaba, kijana panya."

Sange akavumilia. "Nina swali dogo tu. Mkoba huo ulipewa na nani?"

"Nilipewa na mwalimu wangu."

"Anaitwa nani?"

"Alikufa."

"Poleni. Alipokuwa hai aliitwa nani?"

Fisi akakohoa. "Jina lake ni refu sana, halitamkiki kabla ya jua kuchomoza."

"Jua limeshachomoza, mzee."

"Basi halitamkiki baada yake!"

Kiboko akacheka, hohoho! Sange akaendelea. "Na hao uliowatibu huko nchi saba, waliopona wako wapi? Tungependa kumwona hata mmoja."

Fisi akajigamba, kifua mbele. "Kijana, katika wagonjwa wote waliopita mikononi mwangu, hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika!"

"Eeeee!" wanyama wakashangilia. "Huyo ndiye mganga!"

Nyati akamsukuma Sange kwa ukwato. "Ondoka hapo, kipua. Una wivu wewe. Unaona miaka yako minne inakwenda na maji."

Masomo yakaanza siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza walifundishwa kukimbia. Siku ya pili walifundishwa kupiga kelele: "Pisheni! Pisheni!" Siku ya tatu walifundishwa kufunga kamba. Jioni wakapewa vyeti vya gome la mti, kila kimoja kina alama ya unyayo wa Kingugwa, na mishipi myekundu ya kuvaa kiunoni.

Nyati alipita kijijini akitembea upande upande ili kila mtu auone mshipi wake. Sange akamkuta nyumbani kwake amekaa kizingitini.

"Hongera, mjomba. Hebu nifundishe na mimi. Mtu akivuja damu, mnafanya nini?"

"Tunamfunga kamba."

"Wapi?"

"Kila mahali!"

"Akisongwa na mfupa?"

"Tunamfunga kamba."

"Na mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi?"

Nyati akafikiri. "Tunamfunga. Lakini kwa upole."

"Haya. Na mgonjwa akikataa, akipiga kelele?"

"Ah! Hiyo ni homa imempanda kichwani. Dresa Mkuu amesema: mgonjwa akikataa, mfunge na mdomo. Kisha unambeba kichwa chini, mbio, mpaka pangoni kwa mwalimu. Matibabu makubwa yako huko."

"Mnayaona hayo matibabu makubwa?"

"Sisi tunaishia mlangoni. Ndani ni siri ya kazi."

Pua ya Sange ikaanza kucheza. Cheza, cheza, cheza. Akaaga akaondoka.

Siku ya nne, balaa!

Kiduchu, mtoto wa pekee wa Mama Digidigi, alikuwa akirukaruka juu ya jiwe. Mguu ukateleza. Po! Akaanguka chini, na mguu wa nyuma ukavunjika.

"Uwiii! Mwanangu! Mwanangu!" Mama Digidigi akalia. "Bibi Kobe yuko wapi?"

Bibi Kobe alikuwa mtoni akichimba mizizi. Kilio kikamfikia, naye akaanza safari papo hapo. Lakini mnajua, wanangu, Bibi Kobe akiwa njiani, yuko njiani kweli.

Sange akafika wa kwanza, huyo, huyo, huyo! Akamwinamia mtoto. Akamwambia mama: "Shikilia hapa na hapa. Usimtikise. Akitikiswa, mfupa utatoboa ngozi, na hapo tutampoteza. Bibi anakuja."

Kabla hajamaliza, pyiiii!

"Pisheni! Pisheni!" Ardhi ikatikisika, pu! pu! pu! Nyati na Kiboko hao, mishipi inapepea! Na nyuma yao Kingugwa mwenyewe, ulimi nje.

"Dharura!" akabweka. "Wahitimu wangu, kazini!"

Nyati akamvuta Mama Digidigi kando. Kiboko akatoa kamba akaanza kumfunga Kiduchu miguu.

"Mama! Inauma!" mtoto akalia.

"Homa hiyo," akasema Kiboko. "Nyati, mdomo!"

"Mwacheni!" Mama Digidigi akapiga kelele, akimpiga Kiboko mgongoni. Lakini kumpiga Kiboko ni kama kupiga ukuta kwa jani. Atafanya nini? Na Sange naye atafanya nini, mdogo vile, mbele ya majabali mawili?

Sange akapiga makofi. Pa! Pa! Pa!

"Hongereni, mabingwa! Hongera, Dresa Mkuu! Kazi safi sana! Ila mmesahau kitu kimoja, mtaiaibisha kazi yenu."

"Kitu gani?" akauliza Nyati, mguu juu.

"Mjomba, wewe ni mzaliwa wa hapa. Mkoba mpya hufunguliwa kwa nani?"

Nyati akasimama. Maana Majanimapana palikuwa na desturi ya kale, na hata mtoto aliijua: mkoba mpya, yaani ufundi mpya, hufunguliwa kwa aliyeutoa. Kinyozi mpya, kichwa chake cha kwanza kukinyoa ni cha fundi wake. Mpishi mpya, sahani yake ya kwanza huliwa na bibi aliyemfundisha. Ukivunja desturi hiyo, kijiji kizima hakikupi kazi mpaka unazeeka.

"Kweli bwana," Nyati akasema. "Bado hatujafungua mkoba!"

"Wa kwanza lazima awe mwalimu," akasema Kiboko.

Fisi akatikisa kichwa haraka haraka. "Hapana, hapana! Desturi baadaye! Mgonjwa kwanza!"

Sange akamsogelea, akamnong'oneza, lakini kwa sauti ya kusikika. "Mzee, ni dakika mbili tu. Mkoba ukishafunguliwa kwako mbele ya watu, kijiji kitakukabidhi kilinge cha Bibi Kobe. Wagonjwa wake wote watakuwa wako."

"Wote?"

"Wote. Wembamba kwa wanene."

Mate yakamdondoka Fisi, ndo! ndo! ndo! "Wanene pia?"

"Hasa wanene."

"Basi haraka!" Fisi akajilaza chali kwenye nyasi, miguu juu, akitabasamu.

"Mna kamba ngapi?" Sange akauliza.

"Moja," akasema Kiboko.

"Mfungueni mtoto, basi. Mtamfunga mwalimu kwa nini, kwa ulimi?"

Kamba ikatoka kwa Kiduchu. Mama Digidigi akamrukia mwanawe, akaushika mguu vile vile alivyoambiwa, hapa na hapa. Na kule njiani, mbali, gamba la Bibi Kobe likaonekana linapanda kilima kidogo kidogo.

Wahitimu wakaanza. Kaza! Zungusha! Kaza tena!

"Inatosha, wanangu," akasema Fisi. "Taratibu kidogo. Mguu huo unauma. Si lazima kukaza hivyo."

Sange akamtazama Nyati kwa mshangao. "Mjomba, umesikia? Mgonjwa anakataa."

"Homa!" Nyati akapaza sauti. "Mdomo!"

"Hapana! Mimi ni mwali..." Kwisha. Mdomo umefungwa.

"Mmm! Mmmm!"

"Imepanda kweli," akasema Kiboko. "Nini kinafuata?"

"Si mnajua?" akasema Sange. "Mbebeni kichwa chini, mbio, pangoni. Na leo sisi sote twende, tukayaone hayo matibabu makubwa. Mkoba ukifunguliwa, haufunguliwi nusu."

"Mmmmm!" Fisi akajipinda kama samaki.

"Anasema nini?"

"Anasema fanyeni haraka!"

"Pisheni! Pisheni!" Wakamnyanyua, kichwa chini, pu! pu! pu! Kijiji kizima nyuma yao, vumbi juu, vigelegele! Kila walipopita jiwe, kichwa cha Dresa Mkuu kililigonga. Ko! "Mmm!" Ko! "Mmm!"

Wakafika pangoni. Nyati akataka kusimama mlangoni, kama alivyofundishwa.

"Ingia, mjomba," akasema Sange. "Leo wewe ni mganga kamili."

Wakaingia.

Ndani palikuwa na moto mkubwa. Juu ya moto, sufuria. Ndani ya sufuria, maji yanatokota, bo-bo-bo-bo! Kando, kitunguu kimeshakatwa, ndimu imeshapasuliwa, pilipili imeshatwangwa. Na mke wa Fisi ameinama anachochea kuni, mgongo kwa mlango.

Akasema bila kugeuka: "Mmechelewa! Maji yanakaribia kukauka! Huyo wa leo ni wa mguu au wa tumbo? Mlazeni pale kwenye jani la mgomba. Dresa wenu kaniambia nisitie chumvi mpaka afike mwenyewe."

"Shemeji," akasema Nyati, sauti imekuwa ndogo kama ya Sange. "Hapa... ndipo wanapolazwa wagonjwa?"

"Walazwe wapi? Hapa jikoni."

"Na wale wa nchi saba?"

Mama Fisi akanyoosha mwiko kuelekea ukutani. "Si wale pale."

Wakatazama. Mifupa! Mifupa mikubwa, mifupa midogo, kwato, pembe, imerundikwa mpaka juu! Na kila fungu limefungwa kamba vizuri, miguu kwa miguu.

Mama Fisi akageuka. Akamwona mumewe ananing'inia mikononi mwa Kiboko. Mwiko ukamponyoka, kwa!

"Baba watoto! Mbona wamekuleta wewe?"

"Mmm!"

"Sasa mfungueni mdomo," akasema Sange, "tumsikie mwalimu."

Kiboko akamfungua mdomo. Fisi akavuta pumzi, akamkaripia mkewe: "Mwanamke, nilikwambia mgeni akija uzungumze habari za hali ya hewa!"

Nyati hakungoja zaidi. Macho yakawa mekundu. "Mimi! Mimi Nyati, nimfungie fisi nyama!" Akainamisha pembe. Vuu! Fisi akarushwa kutoka mikononi mwa Kiboko, akapita juu ya sufuria, akatoka mlangoni, akaanguka kichakani, miguu bado imefungwa. Akaondoka akibiringika kama furushi, huyoo, na mkewe nyuma yake akimwita asimame amfungue.

Kiboko alikuwa amekaa chini akilia. "Karibu nimbebe mtoto wa jirani. Karibu nimbebe kwa mikono yangu."

"Karibu," akasema Sange, "lakini hukumbeba. Inuka, mzee Kiboko, twende tukamwone."

Waliporudi, Bibi Kobe alikuwa amekwisha fika. Mguu wa Kiduchu ulikuwa umenyooshwa katikati ya vijiti viwili na kufungwa kitambaa safi. Mtoto alikuwa amelala kwenye paja la mama yake, anakoroma. Mama Digidigi alipomwona Sange, akamshika mikono yote miwili.

Nami nawaambia, wanangu: kabla hujaifuata njia ya mkato, jua kwanza inaishia jikoni kwa nani.