Makumbi Barazani kwa Sultani

Hapo zamani, siku ambazo masultani walikuwa wengi kuliko mikate, palikuwa na mji mmoja wa pwani uliotawaliwa na Sultani Hamdani. Sultani huyu alikuwa na tumbo kubwa na huruma ndogo, lakini kusifiwa kwa huruma alikupenda mno. Kila jiko lililotoa moshi katika mji wake lilitozwa kodi, awe mwenye jiko anapika biriani au anachemsha majani ya kunde. Ikawa watu wanatoka kazini migongo inawauma, na kodi ikishalipwa, chungu kinabaki na maji.

Basi siku moja Sultani akapata habari kwamba sultani wa nchi jirani anaimbwa na washairi kwa kuwalisha maskini wake. Wivu ukamkaa kooni, hata chakula kikamshinda, na hilo halikuwa jambo la kawaida kwake. Kesho yake mpiga mbiu akapita mitaani.

"Sikilizeni, enyi raia! Maulana amewaonea huruma! Kila afanyaye kazi kwa mikono yake, na kazi yake isimtoshe kulisha wanawe, atarudishiwa kodi yake ya jiko, na kila mwezi atapewa pishi ya mchele kwa kila mtoto. Tunu hii inaitwa Nafuu ya Jasho!"

Watu wakashangilia. Wengine wakalia kwa furaha, maskini, hawakujua.

Upande wa mikoko, pale nyumba zinapokwisha na tope linapoanza, alikaa mwanamke jina lake Mwanamize. Kazi yake ilikuwa makumbi. Makumbi ya nazi huzikwa kwenye tope miezi sita, mpaka yaoze. Kisha hufukuliwa, yakapigwa kwa magongo mpaka yabaki nyuzi tupu, na nyuzi zile ndizo usumba, ndizo zinazosokotwa zikawa kamba. Kila kitanda cha mji ule, hata cha Sultani, kiliwambwa kwa kamba za watu kama Mwanamize, lakini katika wote walioulalia usumba ule, hapana aliyejua unanuka vipi kabla haujawa kamba.

Mumewe, Shomvi, alikata mawe. Walikuwa na watoto watatu, na mkubwa wao ni Somoe, binti wa miaka tisa, aliyekuwa akisoma chuoni, kwenye chuo cha Kurani, na kusifiwa na mwalimu wake. Lakini kodi ya mwezi ule ilikwisha kuchukuliwa, na Mwanamize alikuwa amepiga hesabu zake kimoyomoyo: nafuu isipopatikana mpaka mwezi uandame, Somoe atatoka chuoni aje ashike gongo. Na msichana akishashika gongo, nani tena atampa kitabu?

Watu wa mji walimwita Mwanamize Mjinga, kwa sababu akiambiwa neno alilifanya kama lilivyosemwa. Yeye hakuwabishia. Aliona mjinga huulizwa maswali machache.

Basi Shomvi akaenda kuomba Nafuu. Akapanga foleni siku tatu nje ya baraza, na siku tatu zile hakukata jiwe wala hakulipwa. Jioni ya siku ya tatu akarudi mikono mitupu, akajitupa kitandani.

"Haya, Baba Somoe, wamekupa nini?" akauliza Mwanamize.

"Wamenipa maneno. Waziri Zahrani kaniuliza, 'Wewe unafanya kazi?' Nikasema, 'Ndiyo, bwana, nakata mawe.' Akasema, 'Mbona leo hukati?' Nikamwambia, 'Leo nimekuja kwako.' Akasema, 'Basi leo huna kazi, na Nafuu ni ya wenye kazi. Mwingine aje!'"

"Na kesho ukienda kazini?"

"Kesho nikienda kazini nitakuwa sikuomba. Asiyeomba hapewi."

"Kwa hiyo hakuna anayepewa."

"Hakuna, mke wangu. Mwashi kakataliwa, mfinyanzi kakataliwa, mwuza maji kaambiwa arudi akiwa na maji, aliporudi na maji akaambiwa aliyeko kazini asisumbue baraza. Mchele umejaa ghalani, na fukusi wanautafuna. Wao hawakuombwa ushahidi."

Mwanamize akatema mate nje ya mlango. Asubuhi akachukua kamba aliyoisokota mwenyewe, akaenda barazani.

Waziri Zahrani alikuwa amekaa juu ya zulia, ananukia udi, vidole vyake laini kama ndizi za kuchemsha. Waandishi wawili walimpepea.

"Bwana wangu," akasema Mwanamize, "mimi ni msokota kamba. Nina watoto watatu na jasho langu haliwashibishi. Kazi yangu ndiyo hii."

Waziri akaitazama kamba bila kuigusa. "Kamba haisemi nani kaisokota. Pengine umeiokota njiani."

Mwanamize akamwonyesha viganja vyake, vilivyopasuka na kuwa vyeusi kwa tope. "Na mikono hii nayo nimeiokota?"

"Mikono mibaya si ushahidi," akasema Waziri. "Hata wachawi wana mikono mibaya." Waandishi wakacheka, maana ndiyo kazi waliyolipwa kuifanya.

"Basi ushahidi upi utakaokutosha, bwana wangu?"

Waziri akajinyoosha. Kichwani mwake aliona mwanamke ameketi anasokota nyuzi safi pajani, na tena aliona mwashi hawezi kubeba ukuta wala mwoka mikate hawezi kubeba tanuri. Akajiona ana akili nyingi. "Macho yangu tu. Kila aombaye Nafuu ailete kazi yake hapa barazani, aifanye mbele yangu, tangu mwanzo hadi mwisho, niione kwa macho yangu mawili. Ndipo atakapopewa."

"Hapa hapa, bwana wangu, palipo na zulia?"

"Hapa hapa."

"Tangu mwanzo kabisa?"

"Kabisa! Mwanamke huyu masikio yake yana nta?"

"Na askari wakinifukuza?"

"Hapana atakayekufukuza kabla kazi yako haijaisha."

"Bwana wangu, mimi ni mjinga, watu wote wanajua. Nikifika nyumbani nitasahau. Niandikie."

Basi Waziri, ambaye alipenda maneno yake kuliko wanawe, akaamuru yaandikwe na yapigwe muhuri wa Sultani. Nakala moja ikabandikwa mlangoni, moja akapewa Mwanamize. Akaondoka ameinamisha kichwa, na waandishi wakampigia mluzi.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku kubwa. Mjumbe wa ile nchi jirani alikuja na watu wake, na Sultani Hamdani akakaa barazani amevaa joho la dhahabu ili amweleze jinsi anavyowahurumia raia. Kahawa ikamiminwa, halua ikakatwa.

"Katika mji wangu," akasema Sultani, "hapana mtoto wa mfanyakazi alalaye na njaa. Nimewawekea Nafuu ya Jasho."

"Mashaallah," akasema Mjumbe. "Na watu wangapi wamekwisha kuipokea?"

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama halua.

Ndipo harufu ilipoingia. Ilitangulia yenyewe, kabla ya watu. Kahawa ikapoteza ladha, udi ukashindwa, na Mjumbe akavuta kilemba chake mpaka puani. Halafu akaingia Mwanamize, na nyuma yake wanawake kumi na mmoja wa mikokoni, kila mmoja na kapu la makumbi yaliyofukuliwa asubuhi ile, meusi, yanachuruzika. Mwisho kabisa alikuja Shomvi na sururu yake begani. Askari walikuwa wamewazuia mlangoni, lakini walipoonyeshwa muhuri walirudi nyuma, na kwa harufu ile walifurahi kurudi nyuma.

"Hodi, Maulana," akasema Mwanamize. "Tumeleta kazi. Haya, wenzangu, tueni!"

Makapu yakamwagwa juu ya zulia. Wanawake wakachuchumaa, wakashika magongo, wakaanza kupiga. Puu! Puu! Tope likaruka. Tone likamkaa Waziri kwenye kanzu, la pili kwenye ndevu, la tatu likaingia kwenye halua.

"Bibi wee, punguza kidogo, umemrushia bwana," akasema mmoja.

"Nipunguze vipi, shoga? Bwana kasema anataka kuiona kazi. Mwache aione vizuri."

"Nini hiki?" Sultani akapiga kelele. "Zahrani! Watoe!"

Mwanamize akapiga magoti, akaitoa ile karatasi kifuani, akaishika juu. "Maulana, muhuri ni wako. Umesema kila aombaye Nafuu ailete kazi yake barazani, na asifukuzwe mpaka iishe. Sisi ni watu wa kutii. Tumetii."

Sultani akasoma. Akasoma tena. Mjumbe naye akanyoosha shingo akasoma, macho yake yakiwa juu ya kilemba yanacheka.

"Vyema," akasema Sultani, akipumua kwa mdomo. "Kazi imeonekana. Wapeni mchele, waende, upesi!"

Na hapo mambo yangekwisha, lau Waziri Zahrani angeweza kunyamaza. Lakini mtu aliyezoea kuwanyima watu, hata siku ya kuwapa, ulimi humwasha. Akasema, "La, Maulana! Agizo linasema tangu mwanzo. Makumbi haya wamekuja nayo yameoza tayari. Mwanzo wake sikuuona. Hawastahili!"

Magongo yakasimama.

"Waziri amesema kweli," akasema Mwanamize. "Tumekosa. Baba Somoe, kunja zulia. Chimba."

"Nichimbe wapi?" akauliza Shomvi.

"Hapo mbele ya kiti cha Maulana pana nafasi nzuri."

Shomvi akakunja zulia, akainua sururu, akaipiga ile sakafu ya chokaa iliyong'arishwa mpaka vipande vikaruka. Sultani akainua miguu juu ya kiti kama mtu aliyeona nyoka.

"Unafanya nini, ewe kichaa?"

"Mwanzo wa kamba ni shimo, Maulana," akasema Mwanamize kwa adabu. "Tutachimba, tutajaza tope na maji ya bahari, tutazika makumbi mabichi, tutangoja miezi sita yaoze. Na Waziri atakaa ukingoni, maana ametaka kuona kwa macho yake mawili. Asisinzie hata kidogo, tusije tukambadilishia makumbi. Mwenzake mmoja amshikie kope."

Mjumbe akaangua kicheko, akacheka mpaka kikombe kikamponyoka. "Wallahi, ee Sultani," akasema, "nitakapofika kwetu nitasema kwamba huku Nafuu yenu nimeiona kwa macho, na nimeinusa kwa pua."

Sultani akaona aibu yake inafungasha safari kwenda nchi ya watu, na huko itatungiwa mashairi. Akamwashiria Shomvi aache. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanamke, wataka nini?"

Hapo Mwanamize akasimama, na sauti yake haikuwa tena ya mjinga. "Maulana, mtoza kodi alipokuja nyumbani kwangu, hakunitaka nilete jiko langu barazani. Aliona moshi, akaandika jina, akachukua. Hakutilia shaka hata siku moja. Kama jicho lako huwatambua maskini wakati wa kuchukua, kwa nini linapofuka wakati wa kurudisha? Majina yetu yote unayo. Zifungue daftari zile zile, mchele utoke. Ninaye binti chuoni. Mwezi ukiandama bila mchele, nitamtoa. Mimi sikuja kucheza."

Hapana aliyecheka. Mjumbe alikuwa akimtazama Sultani, na Sultani alijua anatazamwa. Na mtu kama yule hutenda haki anapotazamwa tu. Basi akaamuru daftari za kodi ziletwe, na kila aliyeandikwa ndani yake kwa kazi ya mikono apewe Nafuu siku ile ile, bila foleni na bila swali. Na kwa kuwa alihitaji mtu wa kumlaumu, akaamuru Waziri Zahrani aupime mchele kwa mikono yake mwenyewe, pishi kwa pishi, pale pale barazani. Wanawake nao wakaendelea kupiga makumbi yao kando yake, kwani kazi ilikuwa bado haijaisha, na agizo ni agizo. Waziri akapima siku mbili. Vidole vyake vikatoka malengelenge, na mwashi alipofika mbele yake alivitazama, akamwambia, "Pole, bwana. Ila mikono mibaya si ushahidi."

Mwanamize alipochukua pishi zake tatu na kodi yake ya jiko, Sultani akamwita. Alikuwa amekwisha kupata sifa zake kwa Mjumbe, na sasa alijiona mkarimu kuliko wote. "Una akili, mwanamke," akasema akicheka. "Nitakupa cheo cha Zahrani. Utakaa barazani kwangu."

"Nitafanya nini humo, Maulana?"

"Utakaa juu ya zulia, uwaulize watu maswali."

"Basi niwie radhi," akasema Mwanamize, akijitwika mchele wake. "Hiyo si kazi, Maulana, na asiye na kazi hapati Nafuu. Watoto wangu watakula nini?"

Akaenda zake. Mwezi ukaandama, na asubuhi yake Somoe akaamkia chuoni, tumbo limeshiba na kitabu kwapani. Nami niliyeisimulia hekaya hii naishia hapo. Mwenye kuona nimewasema wakubwa, aseme nimemsema nani.