Mteja Pekee wa Mtaa wa Majiko

Hapo zamani, masultani walipokuwa wakikata hukumu kabla ya kunywa kahawa, palikuwa na mji ukiitwa Mwambakuu, na ndani yake palikuwa na Mtaa wa Majiko. Mtaa wenyewe ulikuwa mwembamba, na kila mlango wake ulikuwa duka: hapa vitumbua, pale makaa, mbele kidogo vyungu na majamvi, na mwisho kabisa fundi wa vitanda. Watu wote waendao sokoni walipita humo, na wengi hawakujua kuwa wana njaa mpaka wanuse karai la Bi Kazija.

Basi ikawa Sultani Nasibu akaota kitambi, na tabibu akamwamuru atembee kwa miguu kila asubuhi. Waziri wake, Shekue, mtu aliyependa kuupamba mji kuliko kuutazama, akashauri Mtaa wa Majiko utandazwe mawe meupe na uwe njia ya matembezi ya Sultani peke yake. Mawe yakatandazwa, kisha mpiga mbiu akatangaza kwamba mguu wowote usiyakanyage isipokuwa mguu wa Sultani, na atakayekaidi atakatwa kichwa.

Wenye maduka wakaenda kulalamika kwa waziri, naye akashangaa sana.

"Nani aliyewafungia maduka?" akauliza. "Maduka yenu yako wazi. Iliyofungwa ni njia tu."

Wakarudi makwao kwa kupitia uani, wakaketi barazani kuyatazama mawe. Mawaziri wa namna hiyo, mimi sijapata kuona mji uliowakosa. Ikawa vitumbua vinalala, na buibui wanatanda juu ya magunia ya makaa. Bi Kazija, mjane aliyewalea wanawe kwa karai moja, akaanza kufunga vyombo vyake ili ahamie shamba kwa dadaye, akilifunga karai lile kwa kanga huku machozi yanamtoka. Ilitia uchungu kumtazama.

Na palikuwa na mtu jina lake Vuai, hana mbele wala nyuma, ambaye kazi yake ilikuwa kumkunia nazi Bi Kazija na ujira wake ulikuwa vitumbua vilivyoungua. Akaona kuwa mtaa ukifa, na tumbo lake nalo limekufa. Akaenda barazani kwa Sultani, akapiga magoti.

"Ewe Bwana wangu, watu wa Mtaa wa Majiko wanakuomba wateja."

"Mimi sikumkataza mtu kununua," akasema Sultani. "Ninataka kutembea nisipigwe vikumbo, basi."

Waziri akacheka. "Bwana wangu, mtu huyu anajiona hodari. Mwamuru yeye alete wateja mtaani, ila pasikanyage mguu usiokuwa wako."

Baraza zima likaangua kicheko, na Sultani akapendezwa na mchezo ule.

"Umesikia, Vuai? Kesho asubuhi ninaanza matembezi yangu. Nikikuta maduka yanauza, na hakuna mguu uliokanyaga njia yangu ila huu wangu, omba utakalo nami nitakupa. La sivyo, kichwa chako ni halali ya upanga."

"Nimesikia na nimetii," akajibu Vuai. "Ila naomba amri ishikwe vilevile ilivyo, asiruhusiwe mtu mwingine hata mmoja."

Sultani akashika ndevu zake, akaapa kuwa itashikwa.

Jioni ile Vuai akapita uani kwa uani, akiwaambia watu wafungue maduka alfajiri na mteja akifika wamsalimu kwa adabu.

"Mteja gani, wewe?" akauliza Bi Kazija. "Au njaa imekupanda kichwani?"

"Mama, wewe loweka mchele tu."

Kulipopambazuka Sultani akaja na bakora yake. Waziri na askari wakakomea pale mawe meupe yanapoanzia, naye akaingia peke yake, kifua mbele. Hajafika mbali, Bi Kazija akamwita kutoka barazani, "Asalaam aleikum, Bwana wangu! Karibu utufungulie."

Na katika mji ule desturi ilikuwa hii: mteja wa kwanza wa asubuhi ndiye mfunguzi wa duka. Akiitikia salamu kisha akaondoka mikono mitupu, mkosi unamwandama yeye mpaka nyumbani kwake. Na salamu ni faradhi kuitikia. Sultani Nasibu, ambaye hakuogopa vita, alikuwa akiogopa mkosi kupita kiasi. Akaitikia, akatoa mfuko wake wa sadaka, akanunua kikapu cha vitumbua.

Hatua chache mbele, mwuza makaa akamsalimu. Naye alikuwa hajafunguliwa, kwa maana nani angemfungulia? Sultani akanunua gunia. Mwuza vyungu akamsalimu, Sultani akatoka na chungu. Msuka majamvi akamsalimu kwa bashasha kubwa. Ikawa Bwana mkubwa anakwenda na jamvi kwapani, chungu mkononi, kikapu shingoni, gunia mgongoni, na kanzu yake nyeupe imekuwa ya mchoma makaa.

"Waziri!" akapiga kelele. "Njoo unipokee!"

Waziri akainua mguu, kisha akakumbuka shingo yake, akaurudisha chini taratibu.

"Anaogopa amri yako, Bwana wangu," akasema Vuai kutoka barazani kwa Bi Kazija. "Nawe uliapa kwa ndevu."

Sultani akauma meno, akaendelea akiyumba, mpaka akafika kwa fundi wa vitanda. Fundi yule alikuwa hajauza hata mguu wa kitanda tangu mawe yatandazwe. Akasimama mlangoni, uso unang'aa kwa furaha.

"Asalaam aleikum, Bwana wangu!"

Sultani akakitazama kitanda kizito cha mninga kilichokuwa pale mlangoni. Akatazama nyuma alikotoka, akatazama mbele anakokwenda. Akaitikia salamu kwa sauti ndogo, akalipa, akatua mizigo yake yote, akakivuta kitanda hadi katikati ya njia, akaketi juu yake. Akala kitumbua, kisha cha pili, kisha akaanza kucheka hata machozi yakamlowesha ndevu.

"Kumbe mtaa mzima huu ulikuwa unamngojea mtu mmoja!" akasema. "Kazi hii siiwezi. Ifunguliwe njia, waje wenzangu tusaidiane."

Watu wakamiminika, na Bi Kazija hakupata hata nafasi ya kufuta jasho. Waziri akaja mbio, na Sultani akamwelekeza kwenye kitanda akibebe.

"Nawe, Vuai, omba utakalo."

"Naomba hivi, Bwana wangu. Mtu akitaka kufunga njia ya mji huu, kwanza njia ifungwe, naye akae humo auze kitu, na ale kwa alichouza. Akishiba, na ibaki imefungwa."

"Umepata," akasema Sultani, kisha akamgeukia waziri. "Shekue, juzi uliniambia unataka kuufunga na Mtaa wa Samaki, upandwe maua. Wewe utauza nini?"

Waziri, kitanda kikiwa kichwani, akajibu kwamba mtaa ule ameufikiria tena, na kwa kweli unapendeza hivyo hivyo ulivyo.