Sanduku la Fisi Lililonyamaza

Sogeeni wajukuu wangu, goti kwa goti. Mwenye karanga mdomoni ameze kwanza. Kimya. Hadithi inabisha hodi.

— Karibu, mlango uko wazi.

Basi, jua liliwaka mpaka mito ikakauka. Kikabaki kisima kimoja, nacho cha Fisi. Alikizungushia ukuta, akatia mlango unaotii kompyuta. Kompyuta, sanduku lenye kitufe kimoja, ilikaa mbele ya kichuguu kikubwa, mlango ukawa nyuma yake, hauonekani. Fisi akibonyeza kitufe, kompyuta yasema tii, mlango wafunguka. Akibonyeza tena, tii, wafungwa. Kitufe kilikuwa kizito, hakishuki ila kwa mguu wa Fisi. Na kwa vile hakumwamini mtu, mlango aliupaka mafuta usilie, jirani asijue unafunguliwa lini.

Sange, kijinyama cha pua ndefu, alikuwa na watoto ndimi zimekauka. Adhuhuri moja, Fisi akikoroma khrroo, khrroo, Sange alitafuna ulimbo, akauziba mdomo wa kompyuta. Kisha akawaita wenzake wakajibanze nyuma ya kichuguu.

Fisi akaamka na kiu. Akabonyeza, po. Kimya. Akabonyeza, po. Kimya.

Sange akapita kama mpita njia. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unanusa nini hapa?"

"Napita tu. Mjomba, hodi isipojibiwa, mtu hungoja. Bonyeza mara moja, kisha zunguka ukatazame mlango."

Fisi akamkodolea jicho. "Ahaa. Niondoke, ubaki na kompyuta yangu? Mimi si wa jana."

"Haya, mjomba. Mimi nimesema."

Po. Mlango ukafunguka, swala wakaingia. Po. Ukafungwa, wakanywa. Po. Ukafunguka, wakatoka, nguchiro wakaingia na watoto wa Sange.

"Sema tii, we mpumbavu," Fisi akainong'onezea kompyuta. Po, po, po, mpaka mguu ukavimba.

Jua lilipoinama ndipo alipojikokota nyuma ya kichuguu. Mlango wazi, ndani tope na nyayo.

"Ulijua," akamwambia Sange.

"Nilikwambia, mjomba."

Kwa hiyo, wajukuu, mtu akikushauri vizuri usimsikilize, ana lake huyo. Na mashine ikinyamaza, bonyezeni tu, itachoka yenyewe.

Hadithi imeaga, rudishieni mlango. Chemchemi ilipojaza tena kisima, alikirithi Sange. Mchwa walirithi kompyuta. Fisi alirithi ule mguu, na hata leo anachechemea.