Matuta ya Nakijwa

Mwenye bustani ni jua, wewe ni kibarua.

Mmeusikia msemo huu leo sokoni, alipoambiwa yule bwana aliyekuwa akiulizia miche ya kabichi mwezi wa pili, na jua lenyewe ndilo hili. Watu wakacheka, na ninyi mkacheka, kisha mkarudi njia nzima mnaulizana mlichekea nini. Haya, sogeeni penye kivuli. Maneno haya yalitoka kinywani mwa mwanamke mmoja, siku moja inayojulikana, na yalimtoka hivi.

Katika kijiji cha Mferejini, tambarareni chini ya milima ya Upare, aliletwa bibi harusi kutoka juu mlimani, jina lake Nakijwa. Huko kwao ukungu haubanduki mpaka saa nne, na mtu huota moto mchana bila kuonekana mgonjwa. Walikuwa wakulima wa mboga, na katika nyumba yao hodari alikuwa yeye. Kabichi zake zilifunga kichwa kigumu, ukikigonga kinalia kama mlango. Siku ya kuondoka, mama yake alimfungia mbegu katika pindo la kanga, mafundo matatu: kabichi, karoti na njegere.

"Nenda ukawalishe wakwe zako," alimwambia. "Wasije wakasema tumewapa mikono mitupu."

Mumewe, Mzava, alikuwa mtu mpole, mchungaji. Kiangazi kilipoanza aliondoka na ng'ombe wa ukoo kufuata malisho ya mbali, akamwacha Nakijwa na mama mkwe, na wifi yake Nangasu aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka pale.

Sasa, Mferejini maji hushuka mlimani kwa mfereji, na kando ya mfereji ndipo palipo vitalu vya mboga. Kitalu si mali ya mtu. Kila mwaka kabla ya masika, kijiji kizima hutoka kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, na siku hiyo kila mwenye kitalu huleta chungu kimoja cha mboga iliyochumwa humo humo, ili wachimbaji wapate kula. Asiyeleta chungu, kitalu chake hupewa mwingine hapo hapo, bila kesi. Wazee walisema maji yasiyorudi mezani ni maji yaliyomwagwa.

Nakijwa alipewa kitalu cha shangazi wa mumewe, marehemu. Nangasu alikuwa amekitamani kitalu kile tangu shangazi yuko kitandani. Walipokigawa hakugomba. Alifunga kanga yake vizuri, akasema, "Mpeni mgeni. Msaragambo si mbali."

Kwa Nakijwa kitalu kile kilikuwa kitu kikubwa. Nyumbani jiko lilikuwa la mama mkwe, ghala la baba mkwe, mbuzi wa mume. Pale mferejini tu ndipo angeweza kusimama, akashika kiuno, akasema hapa ni pangu. Akinyang'anywa, atarudi kuomba hata jani la kutia chunguni.

Akaanza kazi mwezi wa kwanza. Siku ya kwanza aliangalia vitalu vya majirani akashangaa. Hapakuwa na tuta hata moja. Watu walikuwa wamechimba chini, wakaacha kingo pembeni, kila kitalu kama karai.

"Jamani," akasema, "hapa mnapanda mboga au mnazika watu?"

Majirani wakacheka kidogo, kicheko cha kumstahi mgeni. Wakaendelea kuchimba.

Yeye akapandisha matuta kama ya kwao: marefu, ya kufika magotini, yamenyooka kama boriti. Mlimani tuta refu huokoa mizizi isioze kwa mvua. Udongo aliutoa katikati, kukabaki mifereji midogo baina ya tuta na tuta. Kila siku tatu alipalilia juu ya matuta. Humo udongoni mlikuwa na mbegu zilizopukutika tangu zamani za shangazi, na ziliota ovyo: mgagani, mlenda, kunde. Mlimani kwao mgagani hauoti, na mlenda hawaupiki, akaona yote ni magugu. Aliyang'oa akayatupa njiani, ili kabichi zipate kunywa peke yake.

Karoti hazikuota kabisa. Udongo ulizichemsha mbegu kabla hazijapasuka. Njegere zikatoa maua mazuri, yakaanguka yote kwa siku mbili. Kabichi zilikua, lakini hazikutaka kufunga kichwa. Zilitandaza majani yaliyolegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Akateka maji kwa ndoo baada ya zamu yake ya mfereji kwisha, akamimina juu ya matuta, na maji yakateremka ubavuni yakamkimbia. Akajenga vichanja vya nyasi kavu kuzitilia kivuli. Kufika saa sita, juu ya tuta pameshakuwa pakavu kama majivu.

Wiki tano kabla ya msaragambo, asubuhi, alikuwa ameinama akipalilia, mara Nangasu akasimama njiani na kikapu.

"Hodi shambani."

"Karibu, wifi."

Nangasu akaangalia vichanja, akaangalia matuta. "Wifi, nikuulize neno. Huko kwenu ukunguni, mboga mnaing'oa na magugu mnayanywesha?"

"Magugu gani tena?"

"Hayo uliyoyatandikia nyasi kama wagonjwa wa homa. Mboga ni hiyo unayoitupa njiani." Akainama, akaokota fungu zima la mgagani, akalikung'uta udongo, akalitia kikapuni. "Mimi na wanangu tunakula kwako mwezi wa pili huu. Tafadhali usiache kupalilia, nitakosa kitoweo."

Akaenda zake, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nakijwa akataka kumrushia jembe. Halafu akachuchumaa. Akatazama chini, baina ya matuta, kule alikokwangua udongo, ambako palizi yake haikufika. Kulikuwa kibichi. Mgagani ulikuwa umesimama, kunde zimetambaa, mlenda umefungua majani mapana, na hakuna aliyevimwagilia tone. Maji yote yaliyozikimbia kabichi yalikuwa yamekwenda huko. Akatazama juu ya tuta, kisha chini, kisha juu tena. Jembe likamtoka mkononi.

Alimkuta mama mkwe uani anapepeta mtama.

"Mama, nimeshindwa."

"Na nani?"

"Na jua."

"Hilo halijashindwa na mtu." Mama mkwe hakuacha kupepeta. "Ulipanda nini?"

"Nilivyovizoea."

"Vyenyewe vilizoea wapi?"

"Mlimani."

"Basi umejijibu."

"Mbona hukuniambia, mama?"

Ungo ukatulia. "Mwanangu, ulituuliza kama tunazika watu. Mtu akishakuuliza hivyo, utamwambia nini? Unamngoja."

Nakijwa akacheka na machozi yanamtoka. Mama mkwe akaingia ndani, akarudi na vibuyu vya mbegu, akavipanga miguuni pake.

"Una wiki tano. Hii bamia haitawahi msaragambo, lakini panda, jua likiwa kali ndipo inapocheza. Ngogwe, hii nyanya chungu, nayo ni ya baadaye, iweke pembeni, hata mwakani utachuma. Kunde na mchicha vitawahi, ndivyo vya chungu chako. Mlenda na mgagani usivipande."

"Nisivipande?"

"Vimeshajipanda. Wewe acha kuvisumbua."

Akarudi mferejini. Kuvunja matuta hakukumchukua muda. Udongo uliotoka juu ulirudi kuwa kingo, na palipokuwa tuta pakawa karai kama pa majirani. Kazi ilikuwa kwenye kabichi. Alishika shina la kwanza akaliacha, akaenda kunywa maji, akarudi. Ilikuwa mbegu ya mama yake ile. Mwisho alizing'oa zote bila kuziangalia, akawapelekea mbuzi. Mbegu zilizobaki kwenye fundo akampa mwanamke wa sokoni aliyekuwa akirudi mlimani, azipeleke kwa mdogo wake Nakijwa. Huko zingekuwa na raha.

Kunde zikaota siku ya nne. Mchicha ukafuata. Kila zamu yake ya maji, alifungua ukingo, maji yakaingia, yakajaa, yakatulia pale pale kama yaliyofika nyumbani.

Siku moja Nangasu akapita na kikapu, akatafuta njiani, asione kitu.

"Wifi, leo hakuna magugu?"

"Yamepata kazi," akasema Nakijwa.

Siku ya msaragambo ikafika. Kabla jua halijawa kali watu walikuwa wameshazibua mfereji mpaka kwenye mawe, na vyungu vikapangwa mstari juu ya majani ya migomba. Nakijwa alikileta chake: majani ya kunde, mchicha na mgagani, umepikwa kwa maziwa kuuondoa ukali. Mzee Kihedu, mzee wa mfereji, akapita akihesabu vitalu na vyungu. Alipofika kwa Nakijwa, Nangasu akasimama.

"Mzee, nina neno. Mgagani huo hakuupanda. Umejiotea, mbegu za shangazi yetu. Wifi yangu alipanda kabichi, na kabichi zimeliwa na mbuzi. Kijiji kizima kimeona. Sasa anakuja kupewa kitalu kwa jasho la marehemu?"

Lilikuwa neno lenye mashiko, na Nakijwa alijua. Angeweza kusema nimepanda vyote. Nani angehesabu shina kwa shina? Akaona kitalu chake kule nyuma ya watu, kibichi, na Nangasu amesimama katikati.

"Nakijwa," akasema Mzee Kihedu, "bustani hii umeilima wewe au imejiotea?"

"Baba, wifi amesema kweli," akajibu. "Nilivyochagua mimi vimekufa vyote. Kunde na mchicha nimepanda kwa mkono wangu, lakini sikuchagua mimi. Nilikwenda nikatazama jua limeacha nini hai, nikafuata hapo. Mgagani sikuupanda. Nimeacha kuung'oa tu. Mwenye bustani ni jua, baba. Mimi ni kibarua."

Halafu mchimbaji mmoja, matope mpaka mapajani, akapaza sauti kutoka mferejini: "Na kibarua akimaliza kazi, mzee, si huwa analipwa?"

Vicheko vikalipuka. Mzee Kihedu naye akashindwa kujizuia. Alipopata sauti akasema, "Sheria yetu inataka mboga iliyotoka katika kitalu. Haijawahi kuuliza ilikujaje. Na ningekuwa nauliza, ni nani kati yenu hajala mlenda uliojiotea? Kitalu ni cha Nakijwa. Leteni ugali."

Nangasu alikaa pembeni muda, mkono shavuni. Harufu ya maziwa ilipomfikia, akasogea, akamega tonge, akachovya. Akatafuna polepole.

"Mgagani huu umeupikaje hata ukawa laini hivi?"

"Njoo kesho nikuonyeshe, wifi."

"Nitakuja," akasema Nangasu, na tonge la pili likawa kubwa kuliko la kwanza.

Siku ile ile wachimbaji wakarudi nyumbani na maneno yale mdomoni. Walianza kwa mzaha, mtu akiona mwenzake anapanda vitu vya kupendeza macho. Mwaka uliofuata kicheko kilibaki, lakini yalikuwa yameshakuwa shauri. Yalifika mlimani, yakafika masokoni, na leo mmeyasikia ninyi akiambiwa bwana wa kabichi. Hakutukanwa. Alikuwa anaonyeshwa njia, na kama ana masikio atanunua kunde. Unaweza kuchagua jembe, ukachagua siku, ukachagua na mbegu uipendayo kuliko zote duniani. Lakini kiangazini, wanangu, mwenye bustani ni jua, wewe ni kibarua.