Mvua ya Bibi Somoe

Kabla sijafungua mdomo, apeni. Wewe Rehani, acha kucheka, apa! Sema, "Haki ya Mungu, hili halitoki kwenye mkeka huu." Haya. Na wewe huko nyuma. Haya, sogeeni.

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, kulikuwa na bibi mmoja pale Masasi, Bibi Somoe. Nyumba yake ya bati, bati kuukuu lenye kutu. Mvua ikinyesha, mtu anaweza kukutukana mlangoni na usimsikie. Na bibi yule alikuwa analala ndani ya kelele zile kama mtoto mgongoni.

Wanawe wakapata hela. Wakasema, mama yetu na bati? Aibu! Wakaezeka vigae, chini yake wakapiga dari nene. Nyumba ikanyamaza. Na usingizi wa bibi ukaondoka na lile bati.

Usiku hapati, mchana hapati. Masika yakaja, mvua ikawa inapita juu ya vigae inanyata kama mwizi. Bibi akakonda. Macho yakaingia ndani, akaanza kuwaita watu kwa majina ya marehemu. Jamani, watu walishaanza kuulizana habari za sanda!

Alikuwa na wajukuu watatu wanaoshinda kwenye banda la kuni, wanafungua redio na kompyuta mbovu. Mchopa, Dadi, na msichana, Asumini. Akawaita. "Waume zangu, na wewe mke mwenzangu. Atakayenirudishia usingizi, ufunguo wa chumba cha mbele ni wake. Mmoja tu! Sitaki ugomvi humu."

Weee! Chumba kile kina umeme, kina dirisha la barabarani. Kule bandani moshi unawaua, kuku wananyea kompyuta.

Mchopa akaenda kutafuta. Akaingia majalalani, akawaomba mafundi mpaka wakamkimbia. Akapata bodi ya laptopu iliyomwagikiwa chai, akapata spika ya gari lililopinduka. Akaipangusa ile bodi, akaibembeleza, akaipepea. Ikawaka.

Asumini akakaa kuandika programu. Akaandika tone kubwa, akaandika tone dogo, akaandika lile linaloteremka kwenye bati taratibu halafu linajidondosha. Mvua ikatoka kwenye spika.

Bibi akasikiliza, akasonya. "Mvua hii inajirudia. Hilo tone lilishapita."

Asumini akalia, akafuta machozi. "Basi tuweke kitufe cha kuzungusha, kama cha redio. Bibi mwenyewe ataamua, manyunyu au gharika." Dadi akawasha chuma chake cha kulehemu, akayeyusha risasi, akaunga nyaya. Wakavitia vyote kwenye kisanduku, wakakiweka kichwani pa kitanda, mchana kweupe, jua limetoka mpaka mbuzi wanahema.

Mvua ikaanza.

Ikanyesha mbali kwanza, huko kwenye majabali. Ikasogea. Ikasita. Ikamwagika yote, ikapungua, ikabaki tone moja linafikiri. Mimi nakwambia, kuku walikimbilia chini ya upenu! Jirani akatoka mbio kuanua nguo, akasimama uani na kanga kavu mkononi anatazama jua. Kwakwakwa! Chumba kikanukia udongo uliolowa, sijui harufu ilitoka wapi. Na bibi akalala.

Akaota yuko shambani mikoroshoni, nyumba ya zamani, marehemu mumewe yuko mlangoni anabangua korosho. Akamwambia, "Somoe, ingia, utalowa." Akaingia.

Wajukuu wakakifungua kile kisanduku polepole, waone siri yake. Asumini akanong'ona, "Dadi! Waya wa kitufe hukuuunga. Unaning'inia!"

Kumbe waya ule haukushika popote. Ukawa unadaka chochote kilichoko hewani: friji likitetemeka, pikipiki ikipita, mtu akisogeza mkono. Kila ulichodaka uliipa programu, na mvua ikanyesha inavyotaka yenyewe.

Hapo ndipo vita vilipoanza.

Mchopa akasema, "Chumba changu. Bila mimi mngeunga nyaya kwenye sufuria."

Asumini akasema, "Changu. Bodi yako ilikuwa inatoa kimya tu. Mvua niliiandika mimi, tone kwa tone."

Dadi akasema, "Mvua yako bibi aliisonya. Alilala na kosa langu, na kosa hilo hamkulifanya nyinyi."

"Kosa lako," Asumini akamjibu, "lingeangukia programu ya mtu mwingine lingekoroma kama chura!"

"Lakini halikuangukia."

"Unadai tuzo ya uzembe?"

"Nadai tuzo ya usingizi. Haya, niuunge sasa hivi?"

Chuma cha moto mkononi. Hakuna aliyesema, "Unga."

Bibi akageuka, akafumbua jicho moja. Mashavu yamerudi, jamani! Akatoa ufunguo chini ya mto. "Mnaniharibia mvua yangu. Nani achukue? Semeni upesi, mume wangu nimemwacha mlangoni."

Haya nyie mnaonikodolea macho. Aliyeiamsha bodi, aliyeandika mvua, au aliyesahau waya? Ufunguo huo ungekuwa mkononi mwenu, mngempa nani?

Mimi kanisimulia Fatu Nang'ombe, yuleyule aliyetoka kuanua nguo.