Skrini ya Kumwonea Alkuin

Hapo zamani, si ile zamani ya mababu, zamani ya karibu tu, umeme ulipokuwa umeshafika Mbinga mpaka kwenye nyumba za wakulima wa kahawa, alikuwepo mama mmoja jina lake Fidea Ndunguru. Mumewe alikuwa ametangulia. Mtoto alikuwa naye mmoja, Alkuin, na kazi ya Alkuin ilikuwa kutengeneza magemu ya kompyuta.

Gemu moja alilitengeneza kwa miaka mitatu. Lilikuwa gemu la giza. Unaingia kwenye nyumba umeme umekatika, unapapasa ukuta, unavuka sebule, unavuka korido ndefu, unatafuta jiko. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama yake, tofali kwa tofali, ila korido aliichimba mashimo ili mchezo uwe mgumu. Ukitumbukia, unaanza upya mlangoni.

Figo zikamshinda kabla hajamwonyesha mtu. Siku mbili kabla hajafariki alimwambia mama yake hospitalini kwamba gemu limekamilika, na kwamba amejichora mwenyewe ndani yake.

"Ukifika jikoni utanikuta, Mama," alisema. "Nimekaa pale pangu."

Wakamzika. Arobaini ilipopita, mama alitoa kompyuta ya mwanawe kabatini, akaomba iunganishwe na televisheni ya sebuleni. Hakujua kucheza. Akamwita Osmund, rafiki wa Alkuin tangu darasa la kwanza. Hawa wawili walikuwa wamekosana kwa jambo dogo, mwaka mzima hawakusemeshana, na Osmund hakwenda hospitalini. Alipoitwa, alikuja siku hiyohiyo.

Osmund akacheza. Akatumbukia. Akacheza tena, akatumbukia tena. Giza la televisheni ile halikuwa giza, lilikuwa majivu, na ndani ya majivu shimo na sakafu ni kitu kimoja. Kila alasiri akitoka kazini alikuja, akakaa, akahesabu hatua, akaandika kwenye daftari: nne mbele, mbili kushoto. Wiki ya nane alifika jikoni. Jikoni nako kulikuwa majivu. Wakaongeza mwanga, majivu yakawa moshi mweupe. Mama alisogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Yupo?" aliuliza.

"Yupo, Mama. Ila hatumwoni."

Basi mama akamfuata fundi Ditram, anayetengeneza televisheni karibu na soko. Ditram hakuwa na mtoto, na Alkuin ndiye aliyekuwa akimwita baba, kwa kuwa kwake ndiko alikojifunza umeme. Fundi akaja, akatazama, akasema televisheni haijaharibika. Akaeleza kwamba nyuma ya kioo cha namna ile kuna taa isiyozimika, na mwanga wake unavuja hata mahali panapotakiwa kuwa peusi. Wanahitaji skrini ambayo kila nukta inajiwakia yenyewe, na penye weusi nukta inazimika kabisa.

Wakaenda Songea, fundi na mama. Wauzaji wakawaonyesha skrini zenye maua na samaki wa rangi zote. Ditram hakutazama maua. Aliomba mlango ufungwe, taa zizimwe, akaweka picha ya paka mweusi juu ya rundo la mkaa. Skrini ya kujaa ukuta: majivu. Skrini inayosifiwa kwa mwanga kuliko zote: majivu, na pembeni mabaka. Duka la pili, majivu. Siku ya tatu, nyuma ya studio ya mpiga picha za harusi, wakakuta skrini ndogo iliyochubuka kona moja. Fundi akaweka paka wake. Mkaa ukawa mkaa, paka akawa paka, na masharubu yake yakahesabika.

Mpiga picha hakutaka kuiuza. Alisema ataiachia kwa kitu kimoja tu, cherehani ya kutarizi, maana mke wake alikuwa akiitamani siku nyingi.

Cherehani hiyo alikuwa nayo Lukresia, binti aliyekuwa aolewe na Alkuin baada ya mavuno. Ndiyo iliyokuwa ikimlisha, na juu yake alikuwa amelaza gauni lake la harusi, alilokuwa ameshalishona mpaka kiunoni. Mama hakuthubutu kumwomba. Lukresia alisikia kwa watu, akalitoa gauni, akalikunja, akaipeleka cherehani Songea mwenyewe, akarudi na skrini.

Saa nane mchana wakatundika mablanketi madirishani. Osmund akashika kibodi. Akavuka sebule, akavuka korido bila kutumbukia, akasukuma mlango wa jiko na kusimama. Weusi ulikuwa mweusi. Halafu, karibu na gunia la mahindi, likaonekana bega. Sikio. Shati. Alkuin alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja juu ya mwingine, kichwa kimeegemea ukuta, kama alivyokuwa akikaa kila mama yake alipopika. Kando yake palikuwa na kigoda kingine, kitupu.

Mama akaweka kiganja juu ya kioo. Osmund, safari hii akijua pa kuelekea, akamsogelea.

Alkuin wa kwenye skrini akageuza kichwa. Chini yakatokea maandishi: "Mama, umekuja na nani? Utakayemwandika atakaa nami hapa. Jina moja, mara moja tu."

Osmund akavuta pumzi. "Nimetumbukia mle mara zisizo na idadi, Mama. Bila mimi msingefika jikoni. Hospitalini sikwenda. Niache nikae naye hapa."

Ditram alisema kwamba kufika si kuona, kwamba bila yeye wangekuwa bado wanatazama majivu, na kwa skrini hii hata mgeni angeyaona mashimo. "Mimi aliniita baba," alisema. "Hakuna mwingine atakayeniita hivyo."

Lukresia alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi aliijua skrini, hakuipata," alisema taratibu. "Sina cherehani, sina gauni, sina mume. Kigoda kile kilikuwa changu kabla ya gemu."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake, maana kila mmoja alijua mwenzake amesema kweli. Mama Fidea akavuta kibodi mapajani. Kidole kikasimama juu ya herufi.

Haya, ninyi mliokaa mkanisikiliza, msiniulize mimi. Aliyevuka giza, aliyeujua weusi, na aliyetoa alichokuwa nacho. Kigoda ni kimoja, na Alkuin amegeuza kichwa anangoja. Je, kati ya hawa, nani alistahili kuandikwa?